Asiyebonyeza Chochote Aletwe Kwangu

Mwanangu Nashipai,

Sitakuuliza hali, maana nakusikia hapo chumbani unavyolikalia begi ili zipu ifunge. Mimi niko sebuleni na daftari, na nimekudanganya kwamba naandika orodha ya dawa za kuagiza kazini. Huo ni uongo wa leo. Nataka uwe wa mwisho, ndiyo sababu nimekaa kuandika.

Habari za sweta, za kula vizuri na za kutomsahau Mungu sitazigusa. Shangazi yako alikuja jana akazimaliza zote, hata namna ya kukaa kwenye basi ukasinzia bila kuibiwa alikufundisha. Kwamba Njombe kuna baridi umeshasikia mpaka umechoka. Mimi nina jambo moja tu, na kwa mdomo limenishinda. Miaka ishirini na miwili nimefanya kazi ya kuongea na watu kwenye simu, wenye adabu na walevi, wanaolia na wanaotukana, na sijawahi kukosa neno. Kwa hili nimelikosa. Vumilia nianze mbali kidogo. Nikianza na lenyewe utadhani mama yako aliamka siku moja akawa mtu mbaya, wakati ukweli ni kwamba nilifika huko taratibu, kwa miguu yangu mwenyewe, na njiani watu walikuwa wananisifu.

Unakumbuka ulipokuwa kidato cha pili, bosi alipoleta mtambo wa simu? Kabla ya hapo pale mapokezi kulikuwa na simu moja ya mezani, na mtambo ulikuwa mdomo wangu. Mtu akipiga kutoka Tengeru kuulizia mbegu ya nyanya, nilikuwa naweka mkono kwenye simu na kupaza sauti koridoni, "Watu wa mbegu, mnaitwa!" Bosi alikwenda Dar es Salaam akaona ofisi ambako mteja akipiga anapokelewa na sauti iliyorekodiwa, anachagua mwenyewe anakotaka kwenda. Akarudi hana raha. Mwezi haukuisha, fundi akaja na sanduku lake, akalitundika ukutani nyuma ya kiti changu, kila chumba kikapewa simu na namba yake ya ndani, halafu akakaa na mimi siku mbili kunionyesha ukurasa kwenye kompyuta ambako simu zinaambiwa ziende wapi.

Nikuambie kitu, niliupenda ule ukurasa. Mimi niliyeishia kidato cha nne kwa matokeo ambayo mpaka leo sikuonyeshi, nikawa naamua. Anayebonyeza moja apelekwe kwa watu wa mbegu. Mbili, dawa za mifugo. Tatu, kwa mhasibu. Wa mbegu wakiwa na simu nyingine, asubiri kidogo kisha apelekwe kaunta. Saa ya chakula apelekwe huku, Jumamosi mchana apelekwe kule. Fundi alisema nina kichwa chepesi. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo, na baba yako alipokuwa hai alikuwa anasema nina kichwa kigumu.

Shida ilianzia kwenye salamu. Fundi alikuja na sauti ya dada mmoja wa Dar, laini kweli, "Karibu, tafadhali chagua huduma unayohitaji." Siku tatu tu, Mzee Lomayani akashuka kutoka Oldonyo Sambu na fimbo yake, akasimama mbele ya meza yangu. "Mmeajiri mtu gani huyu? Mimi napiga simu, yeye anaanza kunituma. Bonyeza, bonyeza. Salamu hana?" Alikuwa amekasirika kweli, na nyuma yake wapo wengine wengi ambao hawakuwa na nauli ya kuja kukasirika.

Tukakaa na bosi kwenye chai kulitatua. Salamu gani? Sauti ikisema "habari" na anayepiga ni mzee, umemtukana. Ikisema "shikamoo" kwa sauti ya mwanamke mzima na anayepiga ni kijana wa miaka ishirini, atatucheka. Bosi akasema tuweke muziki. Mimi ndiye niliyesema tuweke mtoto. Mtoto anamsalimia kila mtu, na hakuna anayeona vibaya kusalimiwa na mtoto. Ukaja kutoka shuleni na sare yako, tukakuingiza stoo ya dawa kwa sababu ndiyo iliyokuwa na utulivu, ukasema mara moja tu bila kukosea: "Shikamoo. Karibu. Kwa mbegu bonyeza moja." Uliona aibu sweta yako ikinuka dawa ya kupe wiki nzima.

Wazee walifurahi mno, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ulipowaamkia, waliitika. "Marahaba mwanangu. Hujambo? Wazazi hawajambo? Huko mvua imenyesha?" Unajua kwetu salamu haikatwi. Mtoto anainamisha kichwa, mkubwa anaweka mkono, na maswali yanafuatana mpaka ya ng'ombe. Mzee Lomayani aliniambia baadaye, "Sauti nimesikia, sasa kichwa kiko wapi nikiguse?" Na wakati wanaulizia ng'ombe, mtambo unasubiri namba. Sekunde kumi. Zikipita bila mtu kubonyeza, fundi alikuwa ameuambia ukate simu. Basi malalamiko yakageuka, sasa ikawa mtoto ana adabu lakini ukimjibu anakukatia.

Fundi alikuwa ameshaondoka. Niliufungua ule ukurasa mwenyewe, nikatafuta mahali panaposema muda ukiisha ifanyike nini, nikafuta neno la kukata na kuandika namba ya meza yangu. Asiyebonyeza chochote aletwe kwangu. Kazi ya dakika mbili. Nilijiona shujaa, na bosi alininunulia soda.

Wazee wakaambiana. Usihangaike na namba, msalimie mtoto halafu nyamaza, mama yake atapokea. Vijana wakafuata. Miezi mitatu haikupita, hakuna aliyekuwa anabonyeza kitu. Watu wa mbegu wakawa wanacheza karata na simu yao imenyamaza, mimi nikawa najua bei ya kila mbegu, dozi ya kila dawa, na jina la kila ng'ombe aliyeharibu mimba kuanzia Ngaramtoni mpaka Usa River. Bosi akasema wateja wananipenda. Walinipenda kweli, sikatai. Akauliza, na Jumapili je? Na sikukuu? Nikasema hilo ni jambo dogo, nikaandika namba ya simu ya mkononi ya kazi, nikawa natembea nayo mimi. Hakunilazimisha, Nashipai. Nataka ulijue hilo kabla hujamchukia. Mkono uliokuwa unaandika ulikuwa wangu.

Halafu nikafanya kosa lililo baya zaidi ya hilo. Binti wa uhasibu alikuja kuniomba nimfundishe ule ukurasa, ili siku nikiumwa ashike. Nikamwambia ni mgumu. Akarudi tena, nikamwambia aachane nao, akigusa vibaya simu zote zitakufa. Neno la siri nililibadilisha nikawa nalijua peke yangu. Nilikuwa mjane mwenye mtoto mmoja shuleni na nilijiambia mtu anayejua peke yake hafukuzwi. Hiyo ni kweli, hafukuzwi. Wala hatoki.

Unajua nilivyoishi baada ya hapo, kwa sababu uliishi nayo. Likizo bosi alinipa kila mwaka. "Nenda Mama Nashipai, pumzika, ila simu uwe nayo." Ng'ombe aliyefungwa kamba ndefu naye hudhani anajichunga mwenyewe. Siku tuliyomzika bibi yako nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na simu mapajani imewekwa kutetema. Mchungaji anasoma, ikatetema. Nikatoka kwa kuinama, nikaenda nyuma ya zizi, nikamweleza mtu wa Kisongo namna ya kuwachanja vifaranga. Niliporudi walikuwa wameshaanza kurudishia udongo. Mjomba wako mkubwa hajanisemesha mpaka leo, na nikikutana naye kanisani namwamkia kama mtu ninayemdai, kumbe mwenye deni ni mimi.

Na kile kidole changu. Ulikuwa unaanza kunieleza jambo mezani, simu ikiita nainua kidole, subiri. Ukawa unasubiri. Kisha ukaacha kuanza. Siku matokeo yako ya kidato cha sita yalipotoka uliandika kwenye karatasi "Mama nimefaulu" ukaiweka mbele yangu, nami nilikuwa na mtu wa majosho upande wa pili. Nikakutikisia kichwa, nikaendelea na mambo ya kupe. Ulienda kumwambia jirani. Nilikuona dirishani unavyorukaruka naye, na sikukata ile simu. Hilo linaniuma mpaka leo na sitalipamba.

Miaka miwili iliyopita presha iliponipanda nilikwenda kwa bosi, nikamwambia nimechoka, nataka kuacha. Alinisikiliza vizuri. Akasema, "Mama Nashipai, siwezi kukufunga. Nitafutie mtu kama wewe, uende. Mtu anayeujua mtambo, anayejua dawa, anayezungumza Kimasai na wazee." Tukahesabu majina, hakuna. Binti wa uhasibu angeweza, kama ningalimfundisha. Bosi akacheka akasema, "Labda mwanao. Anamaliza chuo cha mifugo Tengeru mwaka huu. Na sauti yake tayari tunayo." Nikacheka na mimi. Lakini nilipokuwa napanda kilima cha Sekei kurudi nyumbani kicheko kilikuwa kimeisha, na lile neno nilikuwa bado ninalo.

Sasa nafika kwenyewe.

Ulipomaliza chuo uliomba kazi kwenye ule mradi wa maziwa Njombe. Simu yako ilikuwa imeibiwa sokoni Tengeru wiki ile, ukaandika namba kuu ya ofisini kwetu, ukaniambia, "Mama, wakipiga si watakupata wewe?" Nikasema ndiyo. Ukaenda kwenye usaili, ukarudi, ukasubiri mpaka ukakonda. Kila jioni uliniuliza kama kuna mtu amepiga. Kila jioni nilikujibu hapana.

Walipiga, Nashipai.

Walipiga Jumanne asubuhi. Mama mmoja, sauti nzito kidogo, mpole. Hakubonyeza chochote, akaletwa kwangu kama wengine. Akasema umechaguliwa, wanataka uthibitishe mwenyewe ndani ya siku kumi. Nilimwambia hupo, apige kesho. Nilipoweka simu nikaufungua ukurasa. Mle kuna mahali unaandika namba ya mtu anayepiga na kuuambia mtambo huyu peke yake umpeleke wapi. Tulipatumia mara moja kwa mlevi mmoja aliyekuwa anatutukana. Niliandika namba ya yule mama. Kisha nikaandika kumi na tisa, namba ya ndani ya stoo ya zamani ya mbegu, ile iliyohamwa paa lilipovuja. Simu yake ilikuwa imeachwa sakafuni, na waya ulikuwa bado mzima.

Ile stoo iko nyuma ya ukuta wangu. Nilikuwa naisikia ikiita.

Mara sita ndani ya siku tisa. Nilikuwa nimekaa pale napokea za wazee, marahaba mwanangu, ng'ombe wangu imelala tangu jana haitaki kula, na nyuma ya ukuta kazi yako inaita. Sikuikata, sikuipokea. Mara ya mwisho iliita muda mrefu, ikanyamaza, ikaita tena papo hapo, kama mtu aliyerudi mlangoni kugonga mara moja zaidi. Kesho yake nilifuta ile amri kwenye ukurasa, na ikawa kama hakuna kilichotokea. Jioni ukaniuliza, nikakwambia hapana, ukasema labda hukufaulu usaili. Nami nikakubembeleza. Nilikukanda mgongo, nikakwambia Mungu ana mpango wake. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na nguo yenyewe nilikuwa mimi.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilifanya kwa upendo. Mtoto mmoja, baba yake ametangulia, Njombe ni mbali, akiumwa nani atamchemshia uji. Ningeweza kukuandikia hivyo na labda ungelia na kunikumbatia. Lakini si kweli, au ni kweli robo. Nilitaka kutoka kwenye kile kiti, na mlango pekee niliouona ulikuwa wewe. Nilitaka wewe ukae ili mimi nisimame. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilipoona nimeingia nikamwita mwanangu aje anipokee kamba huko chini.

Ukaja kazini kwetu, kwa kukosa pengine. Mwaka mzima. Nilikufundisha ule ukurasa niliokuwa naogopesha nao watu, ukauelewa kwa siku nne. Ukanicheka, "Mama, hii ndiyo uliyokuwa unasema ngumu?" Wazee wakafurahi kusikia mtoto wa kwenye mtambo amekua na sasa anajibu. Bosi akawa anasema tumepata mtu. Nami nikaanza kuhesabu miezi yangu.

Mpaka ile Jumapili ya mwezi wa nne. Tumekaa hapa mezani tunakula ugali na mboga, nikaanza kukueleza kuhusu mjomba wako, kwamba nataka kwenda kumwomba radhi. Simu ya kazi ilikuwa kwako wikiendi ile. Ikaita. Ukainua kidole, ukaniambia nisubiri, bila hata kuniangalia. Nikasubiri na tonge mkononi. Ulipomaliza ukasema, "Enhe, ulikuwa unasema?" Nikasema si kitu. Nilikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Baada ya hapo Njombe walipotangaza nafasi tena nikanyamaza. Uliandika namba yako mwenyewe mara hii. Nilikuona unaandika barua ya maombi, na niliomba Mungu wakuchukue, halafu nikaomba wasikuchukue, yote kwenye sala moja. Sijui alisikia ipi. Wakakuchukua.

Na uliporudi kutoka usaili, ukavua viatu hapo mlangoni, ukaniambia, "Mama, yule mama wa huko kanishangaza. Anasema mwaka jana walinipigia mara sita, simu inaita tu haipokelewi. Yaani mara sita! Ilikuwaje?" Nilikuwa nakatakata vitunguu. Nikasema mitandao ya siku hizi haieleweki. Ukasema, "Aisee." Ukaenda kuoga. Ningeweza kusema pale pale, nilikuwa na kitunguu cha kusingizia machozi. Nikakaa kimya wiki tatu.

Kuna la pili, na hili ni jipya. Ijumaa bosi aliniita ofisini. Amesema ukibaki atakupa chumba chako mwenyewe, wasichana wawili chini yako, na mshahara ambao Njombe hawataufikia. Amesema wazee watakukosa. Akaniambia, "Mwambie tu, mama, akiambiwa na wewe atasikia." Nikamjibu nitakwambia. Leo ni Jumatatu.

Nilikuwa nimeamua kukaa na ule ujumbe mpaka basi litoke stendi. Nilijiona mwema kabisa. Mwaka jana nilikuzuia kwenda, mwaka huu nazuia kitakachokuzuia, tumelipana. Mchana wa leo, nikiwa kwenye kiti, ndipo nikaliona vizuri. Kumbe ni kitu kile kile. Simu yako inaita na mimi nimekaa naamua kama uisikie. Kwa hiyo nakupa ujumbe wa bosi kama alivyousema, sijapunguza. Ukitaka kubaki, baki, na sitakuona mjinga. Chumba kina dirisha upande wa mlima. Mshahara ni mzuri kweli. Ukiniuliza mimi nataka nini, nataka uende, na nikifikiria nyumba hii kesho jioni nataka ubaki. Yote mawili ni ya kweli na hayakuhusu. Uamue wewe, kwa sababu mwaka jana hukupewa nafasi ya kuamua.

Shangazi yako atauliza nimekupa wosia gani. Sina wosia. Ninachojua nilikipata kwa kugonga kichwa, na ni kidogo. Ukifika kazini watakusifia. Ukisifiwa kwa kitu unachokijua peke yako, mfundishe mtu wa pili wiki ile ile, hata kama moyo unakuuma, hata kama huyo mtu humpendi. Mimi mwezi huu nimeanza kumfundisha binti wa uhasibu. Siku ya kwanza alikuja na kalamu tatu, masikini, miaka yote ile alikuwa bado anataka. Nilimpa lile neno la siri akaliandika kiganjani kisha akalifuta kwa mate. Anajua dawa kidogo, Kimasai hajui, na wazee wakimsikia wananiulizia. Bosi hajasema kama atanikubalia niondoke. Huenda akasema mwakani. Huenda nikastaafu nikiwa bado naulizwa habari za mvua. Sitaki ukae Njombe unafikiri mama yako ameshafunguka, halafu kila ukipiga unikute nimepokea kwa sauti ya kazini. Bado niko ndani, na funguo nyingi nilizitupa mwenyewe.

Mjomba wako nitakwenda kumwona wiki hii. Hilo halihitaji ruhusa ya mtu.

Barua hii nilitaka kuificha kwenye begi lako, chini kabisa, ndani ya ile sweta ya shangazi. Ungeikuta ukiwa umeshafika, ungepiga simu umekasirika, na mimi ninajua kila kitu mtu anachoweza kufanya na simu inayoita. Ndiyo maana sitaificha. Nitakupa asubuhi mkononi, kabla ya chai, uisome mezani na mimi nimekaa mbele yako. Simu ya kazi nimemwachia binti wa uhasibu mpaka kesho mchana. Ukinyamaza, nitanyamaza. Ukipiga kelele, piga, majirani wamesikia makubwa zaidi kutoka nyumba nyingine. Ukitaka kuniuliza, uliza mpaka uchoke, nitakujibu kila swali hata lile ambalo jibu lake litanifanya nionekane mdogo. Ukiamua kuondoka bila kuniaga, nitakubebea begi mpaka barabarani, nilishushe, nirudi.

Ila nakuomba kitu kimoja, na ndicho pekee nitakachokuomba. Usinisamehe kwa sababu basi linaondoka.

Ni mimi,
Mama yako.